Simu ya Chumbani kwa Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata bisibisi. Nilifika kituo cha simu cha Singida mjini kabla ya saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi ya mkaa, nikiamini kwamba saa sita haitafika kabla sijawa juu ya nguzo watu wananitazama. Aliyenipokea alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi wa Laini, na kwa kuwa hakuna fundi aliyethubutu kumwita kwa jina, nami hapa nitamwita Mkaguzi tu.

Aliniketisha mbele ya fremu, yaani ule ukuta wa chuma ambako nyaya zote za mji huingilia, mbili mbili, maana kila simu ya mezani inataka nyaya mbili. Akanipa simu ya majaribio, ile ya kuning'iniza kiunoni yenye vibanio viwili vya kung'ata waya.

"Wewe ndiye Mkumbo?"

"Ndiyo, mzee."

"Wanyiramba mnasifika kwa kusema. Leo utasikiliza. Hufungui kitu, hufungi kitu. Sikiliza laini moja moja, jioni uniambie ipi inaumwa."

Nilisikiliza mpaka sikio likawaka moto. Jioni nilikuwa najua kwamba laini nzima ina mlio mmoja usiokatika, yenye unyevu inakoroma, iliyokatika iko kimya, na iliyogusana na ya jirani inakuletea mazungumzo ya watu. Hayo ya mwisho Mkaguzi aliniambia nikiyasikia sikuyasikia. Nilirudi nyumbani nimenuna kweli kweli. Leo nikimwona fundi anafika kwa mtu na kuanza kuchomoa kabla hajauliza hata hali ya wenye nyumba, namkumbuka Mkaguzi na kununa kwangu.

Nawaandikia ninyi mnaofunga ruta na visanduku vyenye taa za kijani. Sina ugomvi na visanduku vyenu. Kimoja nimekifunga mwenyewe baada ya kustaafu, na humo ndimo nilimofanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi. Lakini hamtalielewa kosa lile nisipowaeleza kwanza jinsi tulivyofundwa.

Mwaka wangu wa pili, fundi mwenzetu alitumwa kupunguza nyaya chakavu katika kijiji kimoja njia ya Sepuka. Akaukuta waya usio na mlio. Akausikiliza, kimya; akaona umeachwa, akaukata na kuukunja vizuri. Kumbe ulikuwa wa zahanati. Ulikuwa kimya kwa sababu kiungo kimoja kilikuwa kimelegea njiani, na kesho yake fundi mwingine alikikaza kiungo hicho akaandika kwamba laini imepona, wala hakujua kwamba huku mwisho imekatwa. Siku ya tatu mama mmoja akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mganga aliinua simu kuomba gari, asipate kitu. Wakatuma mtu kwa baiskeli. Gari lilipofika, mama na mtoto wote walikuwa wamekwisha kufariki.

Mkaguzi alikwenda mazikoni mwenyewe. Alisimama mbele ya wanaume wa ukoo ule akawaambia kwamba kosa ni la mafundi wake, na kwa hiyo ni lake. Aliporudi alitukusanya uani. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Kuanzia leo, waya wa mteja haukatwi bila hati yenye saini yangu. Waya ukiukuta umekufa, uache ulivyo. Kuuzika si kazi yako."

Aliyekata alifukuzwa kazi. Sisi tuliobaki tuliishika kanuni ile kama tulivyoshika sala, na miaka ilivyopita ikawa haimo tena kichwani, imehamia mikononi. Nilifanya kazi miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kukata waya wa mtu kwa akili yangu mwenyewe. Nililisema hilo kwa majivuno kwenye sherehe ya kuniaga, na watu walipiga makofi.

Nilipelekwa njia ya Sepuka, nikakaa huko miaka minne nikibadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Mkaguzi alikuwa akija bila taarifa, anagonga kila nguzo kwa fimbo yake na kusikiliza inavyoitika, na iliyoitika vibaya niliichimbua siku hiyo hiyo. Kisha nikapelekwa Nduguti, wakati huo haijawa na ofisi hizi za wilaya mnazoziona, na simu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Upepo wa kule ulikuwa unazisuguanisha nyaya mpaka watu wawili wanajikuta kwenye mazungumzo mamoja. Msimamizi wangu wa Nduguti alikuwa mtu wa mzaha, akisema upepo unawapatanisha jamaa waliokosana. Meneja wa Mkoa, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, ndiye aliyenirudisha mjini na kunipa kazi ya simu za majumbani.

Kazi hiyo niliipenda. Wenye uwezo walitaka simu zaidi ya moja ndani ya nyumba: ya sebuleni, na nyingine chumbani au jikoni. Hizo za nyongeza tuliziita ekstensheni. Hazina laini ya peke yake. Waya mmoja unatoka nguzoni, unaingia kwenye kiboksi kidogo chini ya upenu, na humo unagawanywa kwenda kila soketi. Ikipigwa simu zote zinalia, na ukiinua yoyote umo kwenye laini ile ile. Mkaguzi alipojenga nyumba yake Unyambwa, ni mimi niliyemfungia soketi tatu: sebuleni, chumbani, na jiko la uani. Alikagua kila msumari. Mwisho akasema, "Inafaa," na kwa Mkaguzi hiyo ilikuwa sifa.

Yeye alistaafu, nami nikafuata. Simu za mkononi zikaja, wateja wa mezani wakapungua kama maji ya kiangazi, na laini za mtaani kwake zikanyamaza moja baada ya nyingine. Waya wa nyumba ile ulibaki unaning'inia kutoka nguzoni hadi upenuni, hauna mlio.

Kisha kiharusi kikampata. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Mkewe, Mama Naomi, alikuwa amebaki naye peke yake, maana mtoto wao Naomi anafanya kazi Mwanza. Mama Naomi mwenyewe ana magoti mabovu, na bado analima, kwa kuwa mtu wa huku akiambiwa asilime anaona ameambiwa afe. Kila akitaka kutoka ilimlazimu kumwomba jirani aje akae na mgonjwa.

Mtauliza kwa nini mzee asipewe simu ya mkononi. Alipewa mbili. Ile ya kioo, vidole vyake vya kushoto vilivyotetemeka vilifungua picha za harusi badala ya namba. Ile ndogo ya vitufe ilipotelea kwenye mablanketi kila alipoihitaji. Naomi akanipigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo tu, tunamshukuru Mungu. Baba, nimeweka intaneti pale nyumbani. Nimeambiwa simu za mezani zinaweza kupigia humo. Mzee anaijua simu ya mezani, hiyo haimshindi. Naomba umfungie ya chumbani kwake, ili mama akiwa shamba aweze kumwita. Sitaki mtu mwingine aingie mle ndani na waya."

Niliona fahari, siwezi kuwaficha. Nilikwenda Unyambwa kwa baiskeli na mkoba wangu wa zamani. Naomi alikuwa ametuma adapta, kijisanduku ambacho upande mmoja kinaungwa na ruta na upande wa pili kina tundu la simu ya mezani. Kinageuza sauti iwe kitu kinachosafiri kwenye intaneti, na kinatoa mlio wa kupigia kama kituo chetu kilivyokuwa kikitoa. Kituo cha zamani kililisha simu umeme wake chenyewe, hata mji mzima ukiwa gizani. Adapta haina hisani hiyo, kwa hiyo niliiwekea pamoja na ruta betri ya akiba.

Sasa, ruta iko sebuleni na mgonjwa yuko chumbani. Hakuna haja ya kutoboa ukuta. Unachukua waya mfupi kutoka kwenye adapta, unauchomeka kwenye soketi ya sebuleni, na mlio unarudi nyuma kwenye nyaya za nyumba mpaka soketi zote zinapata. Ni kama kulisha mabomba ya nyumba kutoka kwenye tangi lako wakati maji ya mtaani yamekatika. Na kama ilivyo kwa mabomba, lazima kwanza ufunge koki ya mtaani. Kwa simu, koki hiyo ni waya wa nje: unaufungua kwenye kile kiboksi cha upenuni, nyumba isiwe na uhusiano wowote na nguzo. Waya wa nje ukiwa na umeme wa kituo, unaiunguza adapta. Hata ukiwa hauna, ni waya mrefu uliosimama hewani, na kila kinachoupata huko nje unakileta ndani.

Karatasi ya maelekezo ilisema hivyo, na niliisoma. Nilipanda ngazi, nikafungua kiboksi, nikapima kwa mita: sifuri. Nikausikiliza waya kwa simu ya majaribio: kimya. Bisibisi ilikuwa mkononi. Skrubu mbili tu, kazi isiyofika hata dakika moja. Mkono ukakataa. Nikafunga kiboksi nikashuka.

Kitandani kwake niliweka simu nzito ya mezani yenye kitufe kikubwa pembeni, kitufe ambacho kikibonyezwa kinapiga namba moja iliyotunzwa. Nilitunza namba ya Mama Naomi, ambaye simu yake anaivaa shingoni kwa kamba. Mkaguzi akainua mkono wa simu, akasikiliza mlio kwa muda mrefu.

"Waya wa nje?" aliniuliza.

"Umekufa, Bwana Mkaguzi. Nimeuacha ulivyo."

Akatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza kitufe, na huko uani tukamsikia mkewe, "Haloo? Wewe ndiye?" Mzee alicheka upande mmoja wa uso. Wiki iliyofuata Mama Naomi aliniambia kwamba tangu simu ifungwe, hamwombi tena jirani kuja kukaa na mgonjwa. Nilifurahi kusikia hivyo.

Mvua za kwanza zilikuja na radi. Jioni moja ilipiga upande ule wa Unyambwa, watu wakasikia mshindo, wakasema imepiga mti. Hakuna aliyefikiria nguzo ya simu isiyofanya kazi. Asubuhi ardhi ilikuwa imelowa vizuri, na Mama Naomi akaenda kupanda alizeti, simu yake shingoni, roho imetulia.

Saa tatu mzee akahitaji kugeuzwa. Akainua simu. Hakuna mlio. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Aliita kwa sauti ile aliyobaki nayo, na upepo wa huku mnaujua. Mwishowe akajaribu kujishusha ili afike mlangoni, akaanguka kwenye sakafu ya saruji, mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukiwa chini ya mwili. Mkewe alimkuta saa saba mchana. Kwa muda wa saa nne mtu yule alilala pale. Hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye kiti.

Nilipofika, Mama Naomi alikuwa anamfuta uso. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri tu, hakujua bado kosa ni la nani. Nikafungua adapta: ndani nyeusi, inanuka. Nikapanda ngazi kwenye kiboksi, na alama ya moto ilikuwa imeanzia pale pale, kwenye skrubu mbili nilizoziacha. Nilikaa juu ya ngazi. Nilitamani kushuka na kusema radi ni kazi ya Mungu. Wangeniamini wote wawili, na mpaka leo hakuna ambaye angejua.

Nilishuka nikaingia chumbani, nikasimama miguuni pa kitanda.

"Bwana Mkaguzi, radi imepita kwenye waya wa nje. Karatasi ilisema niutoe. Niliisoma. Sikuutoa."

Mama Naomi aliacha kufuta. Mzee alinitazama.

"Kwa nini?"

"Ulikataza."

Nilidhani maneno yamemkimbia. Kumbe alikuwa anayakusanya.

"Nilikataza… kwa sababu ya yule mama. Asibaki mtu… anaita, haitikiwi." Akapumua. "Wewe umeshika kanuni. Mama… umemsahau."

Nimesemwa na mameneja na wakuu wa wilaya, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Machozi yalinitoka, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya mke wake. Mama Naomi hakunibembeleza, na ilikuwa haki yake.

"Na mimi nilikuuliza," Mkaguzi akasema. "Nikakubali. Tumekosea wawili. Kakate."

Nilikata. Sikuishia kufungua skrubu. Niliukata waya upenuni, nikaenda nguzoni nikaukata na huko, nikaukunja. Adapta mpya nilinunua mwenyewe. Kabla ya kuondoka niliinua simu katika kila soketi nikasikiliza, kisha nikamwambia Mama Naomi maneno ambayo ningepaswa kumwambia mara ya kwanza: chombo kinakufa, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kutoka, mzee abonyeze kitufe naye asikie simu yake ikilia shingoni, na jirani aendelee kuchungulia hata mara moja kwa siku. Jirani alirudi kesho yake.

Ndugu zangu vijana, mtafundishwa kanuni nyingi, na nyingi ni nzuri, kwa maana kila moja ina mtu aliyeumia kabla haijaandikwa. Muulizeni anayewafundisha, mtu huyo alikuwa nani. Mimi nilimjua, nilikuwepo uani siku ile, na bado ilifika mahali nikabaki na maneno matupu. Kustaafu kunampa mtu muda wa kuyapanga haya, ila hakumpi nafasi ya kuyarudia. Nimesikia wenzangu wakisema wanalala vizuri kwa sababu hawakuwahi kuvunja kanuni. Mimi silali vizuri kwa sababu hiyo hiyo.

Mkaguzi aliishi mpaka alizeti ile ilipovunwa. Siku ya mwisho, mchana, Mama Naomi alikuwa uani anapepeta, simu ikalia shingoni. Aliitika, hakusikia neno, akaacha ungo akaenda kwa magoti yake yale. Alimkuta bado ana pumzi. Alikaa naye, mkono wake mkononi, mpaka ikaisha. Alinieleza haya msibani, polepole, mbele ya Naomi, nami nikawapa pole.

Baada ya arobaini nilikwenda kuwasalimu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka safi, na simu iko pale pale pembeni.

"Mama, nimekuja na bisibisi. Niiondoe hii?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaisugua miguu yake.

"Iache, Mkumbo. Na mimi siendi mbele, narudi nyuma, na Naomi yuko mbali." Akaielekezea kidole. "Ila kile kitufe kinapiga hapa shingoni kwangu, nami siwezi kujiita mwenyewe. Badilisha namba. Weka ya kwako."

Nilimtazama kuona kama anasema kweli. Alikuwa anasubiri. Niliiweka, nikakosea tarakimu mara mbili. Sasa kila asubuhi kabla ya saa moja simu yangu inalia mara moja, naitika, mama anasema, "Nipo," nami nakwenda kuwafungulia kuku wangu.